Udongo wa Tembe

Nyumba ya bibi yangu pale Ntalikwa ilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, boriti za mninga juu, kisha udongo tena ulioshindiliwa ukawa paa. Kila Oktoba, kabla ya mvua, tulikanyaga udongo wa kichuguu na samadi ya ng'ombe mpaka magoti yanauma, naye akakandika kwa kiganja. "Ukiacha mwaka mmoja mvua inaingia," alituambia. "Ukiacha miwili, mchwa wamehamia."

Maneno hayo yalinirudia Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alibaki hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Oktoba 1873 watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walipita Kwihara wakiwa na maiti yake, wakielekea Bagamoyo.

Jengo linaloonekana leo lilijengwa upya mwaka 1957, na nimesikia mgeni akinung'unika kwamba basi si lenyewe. Moyo wangu ulikataa. Tembe lipi lililozeeka bila kukandikwa upya, kiraka juu ya kiraka? Ningeuliza kwanza kama bado yupo wa kulikandika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda majengo ya kabla ya 1863. Mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha UNESCO njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, Kwihara ikiwemo, ipendekezwe kuwa urithi wa dunia. Nashukuru. Lakini Wanyamwezi walioibeba misafara ile mabegani walilala katika nyumba kama ya bibi, ambazo hakuna aliyeandika mwaka wa kujengwa kwake.

Mji unatufuata. Ntalikwa imo ndani ya manispaa, na kiwanja kina bei. Bibi alipofariki, wajomba walibomoa, wakajenga kwa tofali za kuchoma na bati. Siwalaumu; bati halidai mikono kila Oktoba. Kinachoniuma ni kwamba katika ukoo wetu amebaki mama mkubwa peke yake anayejua kuezeka kwa udongo.

Mwaka jana nilimfuata anifundishe, tutengeneze walau banda la kuku. Alinitazama mikono, kisha akauliza udongo nimeuchimba kichuguu kipi. Nilipomwonyesha, akaniambia niumwage, nikachimbe kile cha ng'ambo ya mto.