Mtandao wa hifadhi ya data: Namna ya kuupanga na kusaka hitilafu zake

MWISENGE ni kata ya Manispaa ya Musoma iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria. Watanzania wengi huijua kwa sababu ya Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Mwalimu Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934. Enzi hizo kumbukumbu za shule, za hospitali na za mahakama ziliandikwa katika vitabu na kufungiwa kabatini. Leo sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo hukaa ndani ya diski za kompyuta. Katika hospitali nyingi za umma nchini, taarifa za mgonjwa hutafutwa katika mfumo wa GoTHoMIS. Diski zinazobeba taarifa hizo zikigoma, daktari hana pa kusoma majibu ya vipimo vya jana wala dawa ambazo mgonjwa wake hazimfai.

Kwa hiyo, hospitali, chuo au halmashauri yenye seva kadhaa hulazimika kuamua data zake zikae wapi. Mojawapo ya njia hizo ni mtandao wa hifadhi ya data, ambao wataalamu wa teknohama huuita SAN.

Mtandao huu ni nini?

Kwa kawaida kila seva huwa na diski zake ndani. Seva ikifa, data zake hubaki zimefungiwa humo hadi fundi apatikane. Mtandao wa hifadhi hutenganisha vitu hivyo viwili. Diski hukusanywa katika kabati moja lenye vidhibiti vyake, na seva hulifikia kabati hilo kwa nyaya na swichi maalumu. Kila seva hugawiwa fungu lake la nafasi, nayo huliona fungu hilo kana kwamba ni diski yake yenyewe. Seva ikiharibika, fungu hukabidhiwa seva nyingine na kazi huendelea.

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ni Fibre Channel, ambayo kiwango chake kilipitishwa nchini Marekani mwaka 1994. Hutumia swichi na kadi zake yenyewe, ni ya kasi na ni ya gharama. Ya pili ni iSCSI, iliyotangazwa rasmi mwaka 2004, ambayo hupitisha amri za diski katika mtandao wa kawaida wa Ethernet. Kwa taasisi ya wastani aina hii ya pili hutosha, kwani hata swichi zake huweza kuhudumiwa na fundi wa mtandao aliyepo.

Hata hivyo, kuweka data zote mahali pamoja kuna hatari yake: kabati likianguka, seva zote huanguka nalo. Taasisi yenye seva moja au mbili haina haja ya mtandao huu; diski za ndani na nakala za akiba za kila siku zitaifaa zaidi. Mwenye kuuhitaji hana budi kuupanga kwa namna ambayo hakuna kifaa kimoja kinachoweza kusimamisha kazi yote.

Hesabu kabla ya manunuzi

Kosa la kwanza katika upangaji ni kusoma ukubwa ulioandikwa kwenye diski na kudhani ndiyo nafasi itakayopatikana. Chukua kabati lenye diski 12 za terabaiti 4 kila moja, yaani terabaiti 48. Diski moja ikiwekwa kando kama akiba, hubaki 11. Zikiunganishwa kwa mpango wa RAID 6, unaovumilia kufa kwa diski mbili kwa pamoja, nafasi ya diski mbili hutumika kwa ulinzi na zinazobaki kwa data ni 9, sawa na terabaiti 36. Ukiacha asilimia 20 wazi kwa ajili ya ukuaji, nafasi ya kupangia kazi ni terabaiti 29 hivi.

Kosa la pili ni kusahau kasi. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika huweza kufanya shughuli zipatazo 80 kwa sekunde. Diski 11 hutoa shughuli 880 za kusoma. Lakini katika RAID 6 kila uandishi mdogo huzaa shughuli sita, hivyo uandishi halisi hushuka hadi 146 hivi kwa sekunde. Mfumo wa mapokezi unaoandika kila mara utazidiwa hata kama nafasi ni tele. Diski zisizozunguka, yaani za SSD, huondoa kikwazo hicho.

Baada ya hesabu hufuata njia. Kila seva iwe na kadi mbili, ziende kwenye swichi mbili tofauti, na kila swichi ifike kwenye vidhibiti vyote viwili vya kabati. Swichi hizo mbili zisiunganishwe zenyewe kwa zenyewe, ili kosa la upande mmoja lisihamie upande wa pili. Aidha, kila seva iruhusiwe kuona fungu lake tu. Seva mbili zikiandika katika fungu moja bila mfumo wa faili uliotengenezwa kwa matumizi ya pamoja, data huharibika, mara nyingi bila onyo lolote.

Mazingira ya mwambao

Mji wa ziwani una masharti yake. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Kwa hiyo jengo lahitaji kinga ya radi na waya wa ardhini uliopimwa. Kati ya jengo na jengo utumike mkongo wa nyuzi za mwanga badala ya waya wa shaba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Wadudu wa ziwani, wanaotanda kama moshi juu ya maji, hufuata taa na kuziba vichujio vya feni na viyoyozi. Chumba cha seva kisiwe sehemu ya chini karibu na maji: mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda na kuvamia makazi ya mwambao.

Umeme nao uwe wa njia mbili: kila kifaa kiwe na vyanzo viwili, kila kimoja kwenye UPS yake, na jenereta nyuma yake. Diski za akiba ziwe rafuni, si dukani Dar es Salaam.

Hitilafu inapotokea

Swali la kwanza ni kama tatizo ni la seva moja au la zote. Likiwa la zote, chanzo kiko kwenye kabati, swichi au umeme. Swali la pili ni nini kilichobadilishwa karibuni.

Seva isipoliona fungu lake, njia ifuatwe kwa mpangilio: taa ya kiungo inawaka? Swichi inaitambua kadi ya seva? Kadi hiyo imo katika kanda sahihi ya swichi? Kabati limeiruhusu? Mwisho kabisa, mfumo endeshi umeamriwa kutafuta diski upya?

Mtandao ukiwa mzito, zisomwe hesabu za makosa katika kila tundu la swichi. Makosa yanayoongezeka upande mmoja mara nyingi humaanisha waya uliopindwa au ncha yenye vumbi. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandikwa daftarini. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilitibu.

Diski ikifa, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kuijaza upya diski ya terabaiti 8 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, na muda wote huo ulinzi umepungua. Vilevile, kabati linalogawa nafasi kubwa kuliko iliyopo liangaliwe kila wiki, maana likijaa seva zote huacha kuandika kwa mpigo mmoja.

Nakala nje ya jengo

RAID haichukui nafasi ya nakala ya akiba, kwani faili ikifutwa hufutika katika diski zote. Septemba 26, 2025, moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858 iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine.

Kwa taasisi ya Musoma, nakala yaweza kupelekwa Mwanza au Dar es Salaam kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hivyo mkongo wa kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 kwa kwenda na kurudi, bado vifaa vya njiani. Seva haiwezi kuzisubiri katika kila uandishi. Nakala ya mbali itumwe baadaye, kila saa au kila usiku, na uongozi ukubali mapema ni kazi ya saa ngapi inayoweza kupotea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa sababu hiyo, angalau kila robo mwaka nakala irejeshwe katika seva ya majaribio, ifunguliwe na kusomwa na mtumiaji wake wa kila siku, awe karani wa mapokezi au mhasibu, na muda uliotumika uandikwe.