SELIMUNDU, SEHEMU YA 3: Kwa nini kinasaba hiki kilibaki kwetu?

Leo tunarudi nyuma kidogo kwenye historia. Kaa vizuri, nyonyesha huku unasoma.

Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, aliandika kuhusu kijana kutoka Grenada ambaye chembe nyekundu za damu yake zilipinda kama mundu. Ndiyo maana tunaita selimundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba shida ipo kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Herufi moja tu ya kinasaba ikibadilika, himoglobini ikishaachia oksijeni inashikana, chembe inapinda, inaziba mishipa. Hapo ndipo mtoto analia mifupa.

Mwaka huohuo 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikuwa anazunguka nchini humo akikusanya damu. Akashangaa. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na kinasaba hicho. Nyanda za juu kwenye baridi, hata mmoja kwa 100 hawafiki. Kwa nini sasa?

Sisi wa Morogoro jibu tunaliona kwa macho. Mjini tuko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Ukipanda, baridi inazidi, mbu wa malaria wanapungua. Allison naye aliwaza malaria. Mwaka 1953 alipima watoto Uganda: wenye kinasaba kimoja walikuwa na vimelea vichache kuliko wenzao. Matokeo yakachapishwa 1954.

Yaani kinasaba kimoja (AS) kinamkinga mtoto na malaria kali. Viwili (SS) vinamletea selimundu. Babu na bibi zetu wengi walivuka utoto kwa sababu ya kile kimoja, wakatuachia. Si uchawi, si laana.

Sasa nisikilizeni hapa. Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo mtoto akiumwa wengine wanasema, "Ni damu ya kwao mwanamke." Hapana jamani! Ukoo unafuata mama, lakini selimundu haiji bila kinasaba kutoka kwa mama NA kingine kutoka kwa baba. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS. Nimeona ndoa ikivunjika kwa kutojua hili tu.

Kwa hiyo: nendeni mkapime wote wawili, mapema, ikiwezekana kabla ya mimba. Mwenye AS bado anaweza kuugua malaria, chandarua ni kilekile. Na mwenye mtoto SS, asikose kliniki. Dawa zipo na watoto wanakua, wanasoma, wanazaa.

Mwonyeshe na baba watoto asome. Sehemu ya 4: dalili za hatari za kumkimbiza mtoto hospitali.