Mitra ya Askofu: Asili Yake na Maana Yake



Siku ile Bwana Askofu alipokuja kuwapa watoto wetu Kipaimara, mama mmoja mzee, ambaye kila Jumapili hukaa katika benchi la mbele, alitungojea mlangoni baada ya Misa. Akatuuliza: «Mwalimu, kwa nini Askofu anavaa ile kofia yake ndefu, kisha anavuliwa, kisha anavalishwa tena? Mwami wetu wa zamani hakuvua taji lake mbele ya watu.» Tulimjibu haraka haraka, kama tulivyokuwa tumeshika tangu ujana wetu katika seminari ndogo, ya kwamba kofia ile ni taji la Haruni, kuhani mkuu wa Wayahudi, na kwamba kutoka kwa Haruni lilifika kwa Petro, na kutoka kwa Petro likawafikia Maaskofu. Mama akaitikia kwa heshima, akaenda zake. Lakini tuliona wazi kwamba hakushiba kwa jibu lile, na baadaye tulipopata kusoma zaidi tulitambua kwamba alikuwa na haki ya kutoshiba. Jibu letu halikuwa la kweli. Basi, kwa kuwa katika siku hizi za sherehe tutaziona mitra katika kanisa letu, tunapenda kumlipa mama huyu deni lake.

Neno lenyewe ni la kale sana. Kwa Wagiriki mitra ilikuwa utepe au kitambaa cha kujifunga kichwani au kiunoni. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, tunasoma jinsi Musa alivyoagizwa kumtengenezea Haruni kilemba cha kitani, na mbele yake bamba la dhahabu lililofungwa kwa kamba ya buluu, lenye maandiko ya kumtangaza kuwa mtakatifu kwa Bwana. Waliotafsiri Maandiko hayo kwa Kigiriki walitumia hapo neno mitra. Hivyo jina limetoka mbali. Lakini kofia yenyewe tunayoiona leo haikutoka huko. Mitume hawakuivaa. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka wa 430, hakuijua, ijapokuwa wachoraji wa sanamu humvika mitra nzuri yenye nakshi. Wachoraji hao walimvika mavazi ya Maaskofu wa siku zao wenyewe, nasi tukizitazama sanamu zao twadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Kwa muda wa miaka elfu moja hivi, Maaskofu wa Eklezya ya magharibi walisoma Misa bila mitra. Asili yake ni Roma. Papa alikuwa na kofia nyeupe, yenye ncha, ambayo aliivaa nje ya ibada, hasa katika maandamano makubwa alipopita mjini. Juu ya kofia hiyo kuna habari ya ajabu kidogo. Katika karne ya 8 iliandikwa hati iliyodai kuwa ya Kaisari Konstantino. Ndani yake inasimuliwa kwamba Kaisari alitaka kumvika Papa Silvestro taji lake la dhahabu, Papa akakataa, ndipo Kaisari akamwekea kichwani kofia nyeupe mahali pa taji. Hati ile ilikuwa ya uongo, na mwaka wa 1440 mtaalamu Lorenzo Valla alithibitisha uongo wake. Hata hivyo, sisi twaona kwamba mwongo yule alisema jambo moja jema pasipo kukusudia, yaani kwamba kofia ya mchungaji ni kitu kilichowekwa kichwani baada ya kukataa taji.

Katika karne ya 10 na ya 11 kofia hiyo ikaingia katika ibada. Ushuhuda wa kwanza ulio wazi ni wa mwaka wa 1049. Papa Leo IX alimpa Eberhard, Askofu Mkuu wa Trier katika nchi ya Ujerumani, ruhusa ya kuvaa mitra ya Kiroma, yeye na watakaomfuata, katika kazi takatifu za kanisa. Na kwa sababu gani? Si kwa kumtukuza tu. Papa alitaka wakumbuke daima kwamba wao ni wanafunzi wa Eklezya ya Roma. Tulipoyasoma hayo tulinyamaza kidogo. Maana kumbe kofia tuliyoifundisha kuwa taji la mkubwa ilitolewa kwanza iwe alama ya mwanafunzi! Kutoka hapo zawadi hiyo ikaenea. Makardinali walipewa, baadhi ya maabate pia, na kabla karne ya 12 haijaisha Maaskofu wote wa magharibi walikuwa nayo.

Umbo lake halikuwa kama la leo. Kwanza ilikuwa na ncha moja, kama kofia ya mvua wanayoshona wachungaji wa ng'ombe. Kisha ikawa ya mviringo, ikafungwa utepe ambao ncha zake mbili zilining'inia nyuma. Na utepe ule mpaka leo ungali ukining'inia mgongoni mwa Askofu. Katika karne ya 12 kitambaa kikashushwa katikati, zikainuka pembe mbili, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto, juu ya masikio. Watu hawakupendezwa na pembe hizo za pembeni, labda kwa sababu zilifanana mno na pembe za mnyama, basi wakaigeuza kofia, pembe moja ikawa mbele na ya pili nyuma. Ndivyo mitra yetu ilivyozaliwa. Waalimu wa Eklezya walipoziona pembe mbili tayari, walizitafutia maana: Agano la Kale na Agano Jipya, ambayo Askofu anapaswa kuyajua yote mawili. Maana hiyo ni nzuri, nasi tutaendelea kuifundisha, lakini ilikuja baada ya mkasi wa mshonaji.

Baadaye mitra ilianza kurefuka. Kila karne ilipanda, ikawekwa dhahabu, lulu na mawe ya thamani, hata katika karne ya 17 na ya 18 ilikaribia nusu metro. Tusifiche mawazo yetu: zile ndefu hazitupendezi. Kofia ya Papa ya nje ya ibada nayo ilifuata njia yake, ikazungushiwa taji moja, kisha la pili, na mwanzoni mwa karne ya 14 la tatu, ikaitwa tiara. Paulo VI alivikwa tiara tarehe 30 Juni 1963. Lakini tarehe 13 Novemba 1964, Maaskofu wa dunia wakiwa wamekusanyika katika Mtaguso, alishuka kutoka kiti chake, akaiweka juu ya altari ya Mtakatifu Petro kwa ajili ya maskini. Hakuivaa tena. Mapapa waliomfuata hawakuvikwa tiara, na Benedikto XVI, mwaka wa 2005, aliiondoa hata katika nembo yake, akaweka mahali pake mitra ya Askofu.

Na huku Afrika? Wengi hudhani mitra ilivaliwa na Wazungu tu mpaka juzi. Sivyo. Mwaka wa 1518 Papa Leo X alimteua Henrique, mwana wa Afonso I mfalme wa Kongo, kuwa Askofu wa Utica, naye mwaka wa 1521 alirudi kwao. Mtoto wa mfalme alipokea mitra kabla ya nchi nyingi za dunia kuijua. Lakini baada yake ukaja ukimya mrefu. Sisi wa mashariki tulimwona kwanza Monsenyeri Victor Roelens, wa Mapadri Weupe, aliyewekwa Askofu Ubelgiji mwaka wa 1896, na ambaye huko Baudouinville, ndiyo Kirungu, aliwalea mapadri wa kwanza wa nchi yetu; Stefano Kaoze alipadirishwa mwaka wa 1917. Mwaka wa 1939 Joseph Kiwanuka wa Uganda aliwekwa Askofu kule Roma na Papa Pio XII. Mwaka wa 1952 Aloys Bigirumwami wa Rwanda, jirani yetu. Na mwaka wa 1956 Pierre Kimbondo, Askofu msaidizi wa Kisantu. Tangu Henrique hata Kimbondo ilipita miaka zaidi ya 400.

Sasa turudi kwa swali la mama yetu, maana hatujalijibu. Sisi watu wa nchi hii twajua kofia inavyosema. Kwa Warega, kofia yenye mkia wa tembo humtambulisha mtu wa kindi, daraja la juu la bwami, na mwenye kuiona hana haja ya kuuliza. Basi ni haki kuitazama mitra kwa macho hayo. Lakini mitra ina sheria yake. Askofu huivaa anapoketi, anapohubiri, anapoandamana, anapotubariki: yaani anapotuelekea sisi. Anapomwelekea Mungu kwa sala, huvuliwa. Wakati wa Injili hana mitra. Wakati wa Sala ya Ekaristi hana mitra, hata ile kofia ndogo ya urujuani huondolewa, ambayo jina lake la Kilatini, solideo, maana yake ni «kwa Mungu peke yake». Mbele ya Sakramenti Takatifu iliyowekwa wazi, hana mitra. Mwami hakuvua taji kwa sababu hapakuwa na mkubwa wake mahali pale. Askofu anavua kwa sababu yupo.

Tena, wale waliobahatika kuona Padri akiwekwa Askofu wanakumbuka kwamba mitra si kitu cha kwanza kugusa kichwa chake. Anapopiga magoti, na wakati Askofu mkuu wa ibada anasoma sala ya kumweka wakfu, mashemasi wawili hushika Kitabu cha Injili kilichofunguliwa juu ya kichwa chake. Baadaye tu hupewa Injili mkononi, pete, mitra na fimbo ya kichungaji.

Siku ya Misa ya Yubile, mama yetu atakuwa katika benchi lake la mbele. Tumemwomba atazame vijana wawili watumishi wa altari watakaosimama nyuma ya Askofu, wamejifunika mabegani kitambaa chepesi, mmoja wa fimbo na mmoja wa mitra. Kila mara yule wa mitra atakapokuja mbele na mikono mitupu, Askofu anakaribia kusali.