Kiumbe: neno la mfinyanzi

Kitenzi *kuumba* kina jamaa kubwa: umbo, umbile, maumbile, uumbaji, kiumbe. Chimbuko lake ni udongo. Kando ya Ziwa Kivu, Mnyarwanda akisema *kubumba*, ndugu wa *kuumba*, anamaanisha kufinyanga, kazi ambayo jamii ya Wambuti wa Idjwi, kisiwa kilicho ndani ya ziwa hilo, inajulikana nayo.

Mitaani neno *kiumbe* limebanwa: ni mtu, mnyama, pengine mdudu. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya mwaka 1952, inalipanua. Katika Warumi 8, Paulo anaeleza viumbe vyote vinavyougua vikingoja kukombolewa. Katika 2 Wakorintho 5:17 anayeitwa kiumbe kipya ni mtu aliye ndani ya Kristo. Neno moja linabeba tumaini la muumini na la dunia yake.

Kwa msomaji wa Idjwi, basi, ziwa nalo limo miongoni mwa viumbe hivyo.

Limo pia lile lisilopendeza: gesi ya methani iliyoyeyuka katika vilindi vya Kivu, na vilima vilivyopoteza msitu kwa mashamba na makaa. Mkristo anayepanda miti kwenye mteremko uliomomonyoka anamhudumia kiumbe mwenzake, na neno lenyewe linamruhusu kusema hivyo.