Wayahudi wa Mbale na Ndugu zao wa Marekani

Hapana jina la taifa geni lisikikalo katika vijiji vya Ufipa kuliko jina la Wayahudi. Mtoto wa Sumbawanga, wa Kaengesa au wa Kirando hulisikia kanisani kabla hajajua kwamba duniani kuna Wahindi au Wachina. Humjua Ibrahimu, na Musa, na Daudi, kama ajuavyo majina ya babu zake. Walakini ujuzi wetu huo umesimama mahali pamoja. Twawaacha Wayahudi pale Yerusalemu ilipobomolewa na Warumi mwaka wa 70, kana kwamba tangu siku ile hawakuoa tena, wala hawakuzaa, wala hawakufundisha watoto wao. Tena wako watu ambao wakitaka kumtukana mtu mkatili humwita Myahudi. Kwa hiyo twataka kueleza habari za Wayahudi walio hai: kwanza wale wa Marekani, kisha wale wa Afrika yetu, karibu na mji wa Mbale katika Uganda, na jinsi hao wawili walivyokutana.

Wayahudi wa kwanza kukaa pamoja katika nchi ya Marekani ya sasa walikuwa watu 23. Walitoka Brazil mwaka wa 1654 wakafika katika mji uitwao leo New York. Kundi kubwa lilikuja baadaye: kati ya miaka ya 1881 na 1924 zaidi ya watu milioni mbili walitoka Urusi na nchi nyingine za mashariki ya Ulaya, wakiukimbia umaskini na mauaji. Mwaka wa 1924 serikali ya Marekani ikafunga mlango kwa sheria, wakaingia wachache tu. Hata mwaka wa 2020 hesabu yao ilipata milioni saba na nusu. Hakuna nchi nyingine yenye Wayahudi wengi hivyo, isipokuwa Israeli.

Watu hao hawafuati njia moja. Wako Waothodoksi, washikao sheria za kale bila kupunguza neno. Wako Wareforma, waliobadili mambo mengi. Nao walijenga chuo chao katika mji wa Cincinnati mwaka wa 1875. Katikati wako Wakonsavativu, ambao chuo chao cha New York kilianzishwa mwaka wa 1886. Hubishana sana, lakini wote hukubali jambo moja: kusoma ni ibada. Wanafunzi wa Talmudi, yaani kile kitabu kikubwa cha mashauri ya walimu wao wa kale, huketi wawili wawili. Mmoja husoma, mwenziwe humpinga, hata maana itokee katikati yao. Mvulana atimizapo miaka 13 huitwa mbele ya watu kusoma Torati kwa Kiebrania. Mwaka wa 1922, huko New York, binti mmoja jina lake Judith Kaplan aliitwa vivyo hivyo, akawa msichana wa kwanza Marekani kufanyiwa sherehe hiyo mbele ya jumuiya. Na leo jambo hilo ni la kawaida katika sinagogi nyingi.

Mwaka uo huo wa 1922, mbali sana na New York, chini ya mlima Elgon, mtu mweusi alikuwa akipiga chapa kitabu kwa Kiganda cha kuwafundisha watu wake sala na amri za Uyahudi. Jina lake Semei Kakungulu.

Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda. Alijifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti, akapigana upande wao katika vita vya dini. Kisha akawasaidia Waingereza kuzitiisha nchi za mashariki ya Uganda, na mji wa Mbale ulianza kwa kazi yake. Alitumaini kutawala huko kama mfalme, lakini Waingereza wakampunguzia nguvu mwaka hata mwaka. Kwa uchungu akajitenga nao. Kwanza akaingia katika dini ya Wamalaki, ambao walishika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Huko akazidi kuyachunguza Maandiko, maana Biblia nzima ilikuwa imekwisha fasiriwa kwa Kiganda tangu mwaka wa 1896. Akaona kwamba Ibrahimu aliamriwa tohara, wala hakuona mahali katika Agano la Kale palipoiondoa amri ile. Mwaka wa 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake wakamkemea wakisema kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba, ikiwa ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja. Watu wengine hudhani Abayudaya ni mabaki ya Wayahudi walioletwa na Waingereza. Ni kweli kwamba mwaka wa 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya nchi ya Uasin Gishu, iliyo sasa katika Kenya, wafanye makao yao. Lakini mkutano wao mkuu ulilikataa shauri hilo mwaka wa 1905, na mambo hayo hayakugusa watu wa Mbale hata kidogo. Abayudaya hawakuletewa Uyahudi na mtu. Waliutoa katika kitabu.

Ila kitabu peke yake hakitoshi. Mwanzoni waliyachanganya mambo ya Kikristo na ya Kiyahudi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaonyesha njia. Yapata mwaka wa 1920 akafika kwao mfanya biashara Myahudi jina lake Yosefu. Akakaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda ya sikukuu, na namna ya kuchinja, na mwanzo wa Kiebrania. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Akaenda zake, nao wakabaki na yale machache. Kakungulu akafa mwaka wa 1928, na wengi wakarudi nyuma. Waliosalia wakaendelea kushika Sabato na kuimba Zaburi kwa Kiganda.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka wa 1971, aliposhika nchi Idi Amin. Yeye alifukuza Waisraeli mwaka wa 1972, akapiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Sinagogi zikafungwa. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, wengine wakasali usiku kwa siri. Watu waliopata kuwa kama 3,000 wakapungua hata mamia machache. Sisi wakulima wa Ufipa twaweza kuwafahamu vema. Nyasi huzikwa chini ya tuta la ntumba, mpita njia akadhani zimepotea. Kumbe zaoza polepole na kuyalisha mazao ya msimu wa mbele. Alipoondolewa Amin mwaka wa 1979, vijana ndio waliofufuka kwanza. Walikaa pamoja juu ya kilima cha Nabugoye, wakalima, wakasoma, wakatunga nyimbo mpya kwa maneno ya Kiganda na ya Kiebrania.

Katika miaka ya 1990 Wayahudi wa Marekani wakaanza kufika kwao, kwanza wanafunzi, kisha mwaka wa 1995 watu wa chama kiitwacho Kulanu. Hapo likazuka swali gumu. Abayudaya walisema: Sisi ni Wayahudi tangu 1919. Lakini sheria ya Kiyahudi yasema Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyepokewa mbele ya baraza la marabi na kuzamishwa majini. Je, watu walioteswa kwa ajili ya jina lile waombe tena kupewa jina lile? Wengine waliona ni aibu. Mwisho wengi walikubali, wakisema kwamba hawaingii dini mpya, bali wanathibitishwa katika ile waliyo nayo. Mwezi wa Februari 2002 marabi wa Kikonsavativu, wanne kutoka Marekani na mmoja kutoka Israeli, walifika Mbale, wakawahoji, wakawapokea watu mia kadha. Wenzao wa kijiji cha Putti hawakukubali, kwa kuwa walitaka kupokewa kwa njia ya Waothodoksi. Wala jambo halijatulia kwa wote: mwaka wa 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya aliyetaka kukaa huko kwa haki ya Myahudi.

Walakini mlango wa elimu ulikuwa umefunguka. Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee walioushika Uyahudi baada ya Kakungulu, alikwenda Los Angeles mwaka wa 2003, akasoma miaka mitano katika chuo cha marabi. Akawekwa kuwa rabi mwaka wa 2008, akarudi kwao kufundisha; na mwaka wa 2016 watu wa Bungokho ya Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua aingie Bunge la Uganda.

Wala msidhani kwamba mkono wa Mbale ulikuwa wa kupokea tu. Nyimbo za Abayudaya zilikusanywa na Rabi Jeffrey Summit, zikatolewa Marekani mwaka wa 2003 na Smithsonian Folkways, na watu wa huko wakasikia Zaburi zao wenyewe katika sauti ya Afrika. Tena J. J. Keki, mmoja wa Abayudaya, alikuwako New York siku ile ya 11 Septemba 2001, yalipoangushwa majumba marefu. Aliporudi alizunguka kwa majirani zake Wakristo na Waislamu, na mwaka wa 2004 wakaanzisha pamoja ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, maana yake amani iliyo njema. Kahawa yao iliuzwa na kampuni moja ya California.

Basi twajifunza nini? Kwanza, kwamba tusomapo habari za Wayahudi twasoma habari za watu walio na watoto na mashamba hata leo, na jina lao si tusi. Kanisa Katoliki lilitangaza tarehe 28 Oktoba 1965 kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa zamani zile, wala juu ya Wayahudi wa sasa. Neno hilo liwafikie watoto wetu kila Ijumaa Kuu.

Pili, lile swali la Mbale ni letu pia. Imani yetu haikuzaliwa Ufipa. Ilivuka ziwa, na Mapadre Weupe walipofika Karema mwaka wa 1885 hapakuwa na Mfipa aliyeweza kusema kwamba ni ya babu yake. Leo twasema ni yetu, wala hatutaki kuulizwa cheti. Wayahudi wenyewe husoma kila mwaka kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu, mgeni wa damu, aliyechagua kufuatana na watu wa mama mkwe wake. Na katika uzao wake akatoka mfalme Daudi.

Asomaye habari za Abayudaya na asome kitabu hicho kifupi jioni moja nyumbani, pamoja na watoto wake.