Urithi wa Kinga na Mteremko wa Kabasha

Anayetoka Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, kwenda Rwindi huteremka Kabasha kona kwa kona, na koti huvuliwa kabla ya kufika uwandani. Juu ni baridi ya milima ya Lubero. Chini ni joto, mbu na malaria. Kwa maoni yangu, mteremko huu unaeleza uhusiano wa urithi na kansa vizuri kuliko orodha ndefu ya jeni.

Mtoto akipata kansa, swali la kwanza huwa: je, ipo katika ukoo? Swali hilo linachukulia kwamba kinachorithiwa ni ugonjwa. Lakini katika kansa zinazoletwa na maambukizi, tunachorithi ni namna ya kupigana, na namna hiyo haina faida wala hasara mpaka adui afike.

Tuangalie uvimbe wa Burkitt, kansa ya seli B, yaani seli za damu zinazotengeneza kingamwili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakashika safari ndefu kwa gari kuukuu kuelekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani waliyoipata ilifuata joto na mvua: karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa adimu juu ya meta 1,500 hivi. Kanyabayonga na Butembo ziko juu ya mstari huo, Beni na Rwindi chini yake.

Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona katika seli za uvimbe virusi ambavyo sasa huitwa vya Epstein-Barr. Hata hivyo, virusi hivyo hukaa mwilini mwa karibu kila mtu mzima duniani, kwa hiyo peke yavyo haviwezi kuchora ramani ile. Malaria inaweza. Kila inaporudi huziamsha seli B zizaliane na kuzikatakata jeni zake za kingamwili ili kuzinoa. Siku moja kipande cha kromosomu 8 chenye jeni ya MYC huungwa kimakosa kwenye kromosomu 14, na seli ikakosa breki.

Urithi unaingia hapo. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha vipimo vya damu vya Uganda. Kwa Baamba, ng'ambo tu ya Semliki ukitokea Beni, takriban watu 4 kati ya 10 walibeba jeni ya selimundu. Kwa Bakiga wa milima ya Kigezi, wachache mno. Mwaka 1954 Allison akaonyesha kuwa mwenye damu ya AS, yaani aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, hukingwa na malaria kali. Utafiti wa kaskazini mwa Uganda uliochapishwa 2017 ukaongeza kwamba watoto wa AS hupata Burkitt kwa nadra zaidi. Mtaalamu atapinga: hiyo ni jeni ya hemoglobini, si ya kinga. Ni kweli, nami naitaja kwa sababu hiyohiyo. Haiijui kansa hata kidogo; inaipunguzia malaria nguvu, na seli B zinapumzika. Bei yake ni watoto wa SS, walioirithi kwa wazazi wote wawili na kuugua selimundu.

Jeni za kinga zenyewe hufuata mantiki ileile. Mvulana aliyerithi kutoka kwa mama yake kasoro ya jeni ya SH2D1A huweza kuwa na afya nzuri mpaka siku virusi vya Epstein-Barr vinapomwingia; ndipo hupatwa na ugonjwa mkali, au baadaye limfoma. Wanawake wenye aina fulani za HLA, jeni zinazoionyesha kinga vipande vya adui, hasa kundi la DRB1*13, hupata kansa ya mlango wa kizazi kwa uchache, lakini asiyewahi kuambukizwa virusi vya papiloma, vinavyoleta kansa hiyo, hafaidi chochote kwa kuwa nazo.

Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia kaskazini. Mtoto wa mlimani aliyefikishwa Beni ana jeni zilezile alizozaliwa nazo, ila zinasomwa upya: kinga ambayo wenzake waliijenga kwa kuumwa mara kwa mara yeye hana, amebakiwa na ile ya urithi tu. Ndiyo maana kwenye fishi ya mtoto mwenye uvimbe wa taya ningetaka mama aulizwe kwanza wamelala wapi tangu azaliwe, na chini ya chandarua au la. Mjomba aliyekufa kwa kansa aulizwe baadaye.