Hesabu ya Vifo na Maamuzi ya Afya katika Wilaya ya Morogoro, 1992–2004

Milima ya Uluguru, iliyosimama kusini ya mji wa Morogoro, imekwisha kuandikiwa mengi na wataalamu wa udongo, wa misitu na wa mila. Lakini iko habari moja ya wilaya hiyo ambayo sisi wanafunzi wa lugha twapaswa kuitazama kwa makini, nayo ni habari ya kuhesabu wafu. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa, jinsi ilivyogeuza matumizi ya fedha za afya, na sababu ya jambo hilo kutuhusu sisi tushughulikao na maneno. Mimi si tabibu, wala sitajitia kuhukumu mambo ya utabibu.

Yafaa kuanza nyuma kidogo. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliona kwamba udongo wa Uluguru unachukuliwa na mvua, ikaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko. Wenye kuamuru hawakukosa elimu. Udongo ulikuwa ukipotea kweli. Lakini Waluguru waliona kazi ya lazima isiyowaletea mavuno, na sababu zake hawakuelezwa kwa namna ya kuwaridhisha. Mwaka 1955 zilitokea ghasia huko Matombo, na mpango ule ukaachwa. Nautaja mfano huu kwa kuwa waonyesha kwamba ushahidi wa kitaalamu, hata ukiwa wa kweli, haujitoshelezi. Hapana budi ufahamike kwa wale wanaotakiwa kuutenda.

Sasa tuje kwenye afya. Kwa muda mrefu idara za afya katika nchi zetu zilitegemea madaftari ya hospitali na zahanati. Daftari la hospitali humjua mgonjwa aliyefika tu. Aliyefia nyumbani, katika kijiji cha mlimani mbali na barabara, hakuwamo. Na wengi walifia nyumbani. Kwa hiyo mganga mkuu wa wilaya alipopanga matumizi ya mwaka, aligawa fedha kwa kufuata desturi ya mwaka uliopita, au kwa kufuata matakwa ya wafadhili, wala si kwa kujua watu wake wanakufa kwa nini.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza uchunguzi wa maradhi na vifo vya watu wazima, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Mahali palipochaguliwa ni patatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, na wilaya ya Morogoro vijijini. Kazi yenyewe haikuwa ya mitambo mikubwa. Waandishi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika majina ya wakazi, kisha wakarudi kwa vipindi kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Palipotokea kifo, mtu aliyefundishwa kazi hiyo aliwaendea wafiwa na kuwauliza habari za ugonjwa wa mwisho wa marehemu. Maelezo hayo yalisomwa na madaktari, nao wakakata shauri juu ya sababu ya kifo.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1996, yakawashtua wengi. Ikiwa hali ya vifo ya miaka ile ingeendelea vivyo hivyo, katika kila vijana wanaume 100 wa Morogoro waliotimiza miaka 15, 58 wangekufa kabla ya kutimiza miaka 60. Na kwa wanawake, 48. Katika Dar es Salaam hesabu ilikuwa 47 na 45, na katika Hai 37 na 26. Kabla ya hapo ilidhaniwa mara nyingi kwamba mtu akiokoka hatari za utoto, amekwisha kuvuka. Hesabu hizi zilionyesha kwamba dhana hiyo si kweli, na kwamba wilaya za nchi moja zaweza kutofautiana sana. Basi mpango mmoja uliokatwa makao makuu hauwezi kuzifaa zote sawasawa.

Hatua ya pili ilitokana na swali lililoulizwa na Benki ya Dunia katika taarifa yake ya mwaka 1993: je, nchi maskini yaweza kupunguza vifo kwa fedha kidogo, ikiwa fedha hizo zitafuata mzigo halisi wa maradhi? Wizara ya Afya na shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, IDRC, walikubaliana kulijaribu swali hilo katika wilaya mbili, Morogoro na Rufiji, zenye watu zaidi ya 700,000 kwa jumla. Mradi huo, uitwao kwa kifupi TEHIP, ulianza kazi wilayani katikati ya miaka ya 1990.

Wapangaji walilinganisha vitu viwili: miaka ya uhai inayopotea kwa kila ugonjwa, na sehemu ya fedha inayopewa ugonjwa huo. Miaka ya uhai huhesabiwa hivi: mtoto afaye akiwa na mwaka mmoja hupoteza miaka mingi kuliko mzee afaye akiwa na 70. Katika Morogoro ilionekana kwamba malaria ilichukua kiasi cha 30 katika kila 100 ya miaka iliyopotea, lakini katika matumizi ya mwaka 1996 ilipewa 5 tu katika kila 100 ya fedha. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya 4, kilipewa 22. Haikuwa kwamba mtu fulani alifanya hila. Fedha zilikuwa zikifuata njia zilizochimbwa zamani.

Jambo la kusifiwa ni kwamba hesabu hizi hazikuletwa kwa wilaya katika vitabu vinene. Zilichorwa kama picha za mistari minene na myembamba, ambazo wakuu wa afya wa wilaya waliweza kuzisoma mara moja na kuzijadili mezani. Nao ndio waliokata shauri wenyewe. Walitia fedha zaidi katika vyandarua vyenye dawa na katika kuwafundisha waganga wa zahanati kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutazama ugonjwa mmoja mmoja. Wanavijiji nao walishiriki kutengeneza zahanati zilizochakaa. Fedha zilizoongezwa hazikufika dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya 40 katika kila 100.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Katika Tanzania nzima vifo vya watoto hao vilishuka pia, kutoka 147 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kwa hesabu ya mwaka 1999, hadi 112 kwa hesabu ya 2004–05. Basi haifai kusema kwamba upungufu wote wa Morogoro na Rufiji uliletwa na mradi mmoja. Yatosha kusema kwamba wilaya hizo zilipata kujua, zikatenda kwa kujua, na matokeo yakapimika.

Nimefika sasa kwenye jambo letu. Hesabu zote hizi zilisimama juu ya maneno ya wafiwa. Chukua neno "homa". Mtabibu hulisikia kama dalili. Mwenye nyumba hulitumia kama jina la ugonjwa, na ugonjwa huo kwake ni jambo la kawaida lisilotisha. Kisha chukua "degedege". Mtoto mwenye malaria kali hushikwa na mtukutiko, macho yakageuka. Lakini wengi katika pwani na bara yake hawakuuhesabu huo kuwa homa kabisa. Waliuita degedege, wakaunasibisha na pepo au ndege, na wengine waliogopa kwamba sindano ya hospitali itamwua mtoto. Sasa mwulizaji akimwambia mama, "Je, mwanao alikufa kwa malaria?" atajibiwa hapana, na jibu hilo si uongo. Akimwuliza, "Alikuwa na joto? Alishtukashtuka? Alizimia?" atajibiwa ndiyo mara tatu. Swali la kwanza litapunguza malaria katika daftari, na la pili litaiweka mahali pake. Na kwa kuwa fedha zimeamriwa kufuata daftari, tofauti ya maswali hayo mawili yaweza kuwa tofauti ya vyandarua katika wilaya nzima.

Tena Uluguru si nchi ya Kiswahili peke yake. Wazee wengi hueleza msiba kwa Kiluguru, na tafsiri hufanywa papo hapo mlangoni na mwandishi ambaye hakufundishwa kufasiri. Uchunguzi ulioanza 1992 ulikoma mwaka 2004, lakini kazi ya kuwauliza wafiwa haijakoma nchini. Naona basi kwamba orodha za maswali ya namna hii zisiachiwe matabibu na wanahesabu peke yao. Kamusi ya majina ya maradhi, wilaya kwa wilaya, yenye kueleza kila neno linagusa dalili zipi na linaziacha zipi, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wetu, na Morogoro ni mahali pema pa kuianzia.